Nikate bima kubwa ya gari, au nibaki na ile ndogo?

Shikamoo mama,

Mimi ni nesi, nina miaka 38, naishi Mbagala, Dar es Salaam, na mume wangu na watoto wetu watatu. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wenzangu bila kudhani kuwa siku moja na mimi nitaandika. Leo nimeshindwa kukaa kimya.

Desemba mwaka jana nilinunua Toyota IST kwa shilingi milioni 14. Milioni 5 zilikuwa akiba yangu ya kikoba pamoja na fedha ya kiwanja kidogo nilichouza. Milioni 9 nilikopa SACCOS ya kazini, nilipe kwa miezi 36. Kila mwezi mshahara wangu unakatwa 312,000. Nimeshakatwa mara 11, zimebaki mara 25. Walionidhamini ni wenzangu wawili wa wodini, mmoja wao anakaribia kustaafu.

Gari sikununua kwa ajili ya kujionyesha. Zamu ya jioni tunatoka saa mbili usiku, na mpaka daladala ipatikane ni saa tatu na nusu. Nimeporwa mkoba mara mbili kituoni. Mara ya pili walinivuta nikaanguka, goti hili hadi leo linaniuma nikipanda ngazi.

Bima yangu inaisha tarehe 30 mwezi huu. Mwaka wa kwanza nilikata bima ndogo, ile ya kumlinda mtu mwingine tu, 118,000, kwa sababu baada ya kulipia gari sikubaki na kitu. Sasa wakala ananiambia bima kubwa, inayolinda na gari lenyewe, kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani, ukiweka na VAT inafika 578,200. Tena anasema gari likiharibika nitachangia asilimia 10 ya gharama, na mchango huo hauwezi kushuka chini ya 250,000.

Kibubuni nina 610,000. Fedha hizo ni za binti yetu mkubwa anayeingia kidato cha kwanza Januari, bweni: godoro, tranka, sare, ndoo, michango. Unaona nilivyobanwa.

Mume wangu hataki hata kusikia habari za bima kubwa. Anasema hiyo tofauti ya hela tuiweke wenyewe kila mwaka, gari likipata shida tutatoa kwenye akiba yetu. Anasema pia SACCOS walishanikata bima ya mkopo siku nachukua fedha, kwa hiyo nikikata nyingine nitakuwa nimelipa mara mbili. Mimi mwenyewe nina kidonda cha zamani: marehemu baba alikuwa na Noah, akailipia bima kubwa miaka minne mfululizo. Alipopata ajali Chalinze, kampuni ilikataa kumlipa kwa sababu leseni yake ilikuwa imeisha muda wiki tatu kabla. Noah ilioza nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanatagia ndani. Baba alikufa akisema bima ni wizi wa mchana.

Lakini mwezi wa nane, pale Mtoni kwa Aziz Ali, bodaboda alinigonga kwa nyuma kwenye foleni, mvua inanyesha. Nilishuka, nikamkuta kijana ameshaondoka. Nikainama kuokota vipande vyekundu vya taa, nikavikusanya kwenye khanga kama mtu anayeokota karanga zilizomwagika. Taa na kunyoosha bampa vilinigharimu 190,000. Tangu siku ile nikisikia breki nyuma yangu moyo unaruka. Usiku gari linalala uwanjani kwa jirani kwa sababu uchochoro wetu haupitishi, na tunamlipa mlinzi 1,000. Mvua hizi za vuli zikianza kupiga bati, naamka kuchungulia.

Ahueni tuliyonayo ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Jumamosi na Jumapili analichukua gari anabeba abiria kupitia programu ya simu, analeta 30,000 kwa siku. Ndizo zinazopoza makato.

Mama, nifanyeje? Nichukue fedha ya mtoto nilinde gari, au nimlinde mtoto niliache gari mikononi mwa Mungu?

Nesi wa zamu ya jioni, Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Pole na goti, na pole na ile Noah ya baba yako. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu ndani yake kuna mambo umeyaandika kwa kirefu na mengine umeyapitia mbio, na haya uliyoyapitia mbio ndiyo yamenishika zaidi.

Ninavyokuelewa, una gari la milioni 14 ambalo hujamaliza kulilipa. Sheria ya nchi inakutaka uwe na bima ya kumlinda mtu mwingine, nayo unayo. Ukimgonga mwenda kwa miguu au ukaharibu gari la mwenzio, bima ndogo ndiyo inasimama. Likiumia gari lako mwenyewe kwa kosa lako, likiungua, likiibwa, bima hiyo haina habari nawe. Kuongeza ulinzi huo ni hiari, na hiari hiyo inagharimu fedha zilizokwisha kupangiwa godoro na tranka. Upande mmoja yupo mume mwenye hoja zake, upande mwingine kuna hofu inayokuamsha usiku. Katikati amelala baba yako.

Nianze na baba, kwa sababu nadhani yeye ndiye anayeongea kwa sauti kubwa kuliko wote humo ndani. Miaka minne alilipa, siku ya shida akanyimwa. Uchungu wake ulikuwa wa haki. Lakini niruhusu nikuulize kwa upole: je, kilichomwangusha ni bima, au ni leseni? Karibu kila mkataba wa bima ya gari una sharti kuwa dereva awe na leseni hai ya daraja la gari analoendesha. Wiki tatu tu zilimfunga. Ninaamini hakuna aliyekaa naye akamsomea masharti yale kwa lugha anayoielewa, na hilo ni kosa kubwa la waliomuuzia. Sikuombi umsahihishe marehemu. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujasema bima ni wizi, au hujasema bima itakuokoa, ujue sharti gani linaweza kukufunga wewe.

Na mwanangu, sharti hilo lipo, umeliandika mwenyewe karibu na mwisho wa barua.

Shemeji yako anabeba abiria wa kulipa. Bima aliyokutajia wakala ni ya gari binafsi. Gari la kukupeleka kazini na kukurudisha linahesabiwa tofauti na gari linalozunguka mjini Jumamosi na Jumapili kutafuta abiria, kwa sababu la pili linakutana na hatari nyingi zaidi, na bei yake ni nyingine. Ukilikatia bima ya binafsi kisha likapata ajali likiwa na abiria wa programu, kampuni inaweza kukataa kulipa, na ikifanya hivyo itakuwa na hoja mkononi. Utakuwa umetoa 578,200 halafu ukarudi palepale alipoishia baba yako. Ni bora uyasikie haya leo kwangu kuliko kuyasikia siku hiyo dirishani.

Jambo hili linaigusa hata bima ndogo uliyonayo sasa. Kama nayo imeandikwa gari binafsi, basi kila mwisho wa wiki shemeji anatembea na watu nyuma yake chini ya karatasi isiyosema ukweli wa kazi anayofanya. Abiria akiumia, suala litaingia kwenye miili ya watu, na mwenye gari kwenye kadi ni wewe. Hili nisingependa lisubiri tarehe 30. Muulize wakala wiki hii: gari hili likibeba abiria siku mbili kwa wiki, liandikishwe vipi, na bei inakuwa ngapi kwa bima ndogo, ngapi kwa kubwa? Huenda likahitaji na kibali cha biashara. Weka hizo 240,000 anazoleta kwa mwezi upande mmoja, upande mwingine weka bima ya biashara, uchakavu wa matairi, oili inayobadilishwa upesi. Inawezekana bado kuna faida, na inawezekana faida ni ndogo kuliko inavyoonekana Jumapili jioni hela zikiwa mezani.

Sasa nije kwa mume wako. Usimwone mbishi. Anaposema mjiwekee wenyewe anasema jambo ambalo watu wengi wenye busara ya fedha hulifanya, na kwa mambo madogo yuko sahihi kabisa. Angalia ajali yako ya Mtoni: 190,000. Kwa masharti uliyopewa, mchango wako haushuki chini ya 250,000. Maana yake hata ungekuwa na bima kubwa siku ile, taa na bampa ungelipia mwenyewe yote. Watu wengi wanakata bima kubwa wakidhani itawafutia kila mkwaruzo, wanaishia kuikasirikia. Michubuko ya foleni ya Mbagala ni ya akiba ya nyumbani, na hapo hoja ya mume wako inasimama.

Inapolegea ni kwenye hasara kubwa. Tofauti kati ya bima ndogo na kubwa, kwa bei ulizonitajia, ni 460,200 kwa mwaka. Mkiiweka yote bila kuigusa, itawachukua zaidi ya miaka 30 kufikia milioni 14. Gari likiibwa mwezi wa tatu, kibubu kitakuwa na nini? Halafu kuna swali ambalo wewe ndiye unayejua jibu lake: katika nyumba yenu, fedha iliyowekwa kwa jambo moja huwa inakaa mpaka jambo lenyewe lifike? Kuna nyumba ambazo inakaa. Kuna nyumba ambazo mgonjwa mmoja kijijini, mchango mmoja wa harusi, na kibubu kimevunjwa. Hakuna aibu katika jibu lolote, lakini mpango wa mume wako unategemea jibu hilo.

Kuhusu bima ya mkopo, hapo nadhani mmechanganya vitu viwili, nanyi si wa kwanza. Bima ya mkopo kwa kawaida huangalia maisha ya mkopaji: akifariki, au akipata ulemavu wa kudumu, deni linalipwa. Gari likipinduka na wewe ukatoka salama, deni liko palepale. Kachukue karatasi zako SACCOS usome. Kama ni hivyo, una makato 25 mbele yako, jumla yake milioni 7.8, yatakayoendelea kukatwa hata kama IST imebaki chuma chakavu. Na huyo mwenzako wa wodini anayekaribia kustaafu, jina lake liko kwenye fomu yako. Sisemi hivi nikutie hofu. Nasema kwa sababu barua yako inazungumza kama vile kinachoweza kupotea ni gari, na mimi naona kinachoweza kukuumiza zaidi ni kubaki na deni huku ukisimama tena kituoni saa tatu na nusu usiku. Jiulize jambo moja: gari likipotea lote kesho, mnaweza kuendelea kulipa hiyo 312,000 kila mwezi miaka miwili mingine bila binti kurudishwa nyumbani? Kama mnaweza, japo kwa kujibana, basi mna uhuru wa kuchagua. Kama hamwezi, hilo nalo mlijue mnapoamua.

Umeliweka swali lako kama vita kati ya gari na mtoto. Nakuelewa, fedha ni moja na wanaoitaka ni wawili. Lakini hebu tuone kama lazima iwe hivyo.

Unaweza kukata bima kubwa ya gari binafsi na shemeji akaacha kubeba abiria. Unapata utulivu, unapoteza 240,000 za kila mwezi, na Januari inakuwa ngumu kweli. Unaweza kukata ya biashara, kubwa, na ukamwambia shemeji achangie, kwa kuwa naye anakula kupitia usukani huo. Hapo hatari ni ya kifamilia: mume wako atalisikiaje? Je, shemeji mwenyewe anajua kwamba akiligonga, anayekatwa mshahara ni wewe? Mara nyingi mtu haambiwi, anadhani gari ni la kaka yake na mambo yatajipanga.

Ipo pia ya katikati ambayo wakala wako hakukutajia, au alikutajia ukiwa umechoka. Kuna bima ya mtu mwingine inayoongezewa moto na wizi. Haitengenezi gari likigongwa, ila likiibwa uwanjani kwa jirani au likiungua, inafidia. Bei yake iko kati ya ndogo na kubwa. Kwa kuwa hofu yako ya usiku ni ya gari kulala nje, ulizia. Lakini uliza kwa makini: wizi wanaousema ni wa gari zima tu, au na vioo vya pembeni? Dar vioo ndivyo vinavyoondoka kwanza. Na hata kwenye bima kubwa, uliza kama mafuriko yamo ndani au yanalipiwa pembeni. Wewe unayeamka mvua ikipiga bati unastahili kujua hilo kabla ya vuli haijakolea.

Au unaweza kulipia bima ndogo tarehe 30, iliyoandikwa kwa matumizi ya kweli, umpeleke mtoto shule Januari, kisha katikati ya mwaka upandishe kuwa kubwa. Watalikagua gari na kulipiga picha upya. Hatari yake ni miezi hiyo ya katikati, na ile tabia yetu ya kusema mwezi ujao mpaka mwaka unaisha. Baadhi ya benki hukopesha fedha ya bima ukalipa kidogo kidogo. Ila wewe tayari una mkopo, kwa hiyo lipime hilo taratibu.

Ukifika kwenye karatasi za bima kubwa, usikubali kuishusha thamani ya gari ili ulipe kidogo. Tuseme gari ni la milioni 14, ukaandika milioni 10, likapata uharibifu wa milioni 3.5. Kampuni inaweza kusema ulikata bima ya sehemu tu ya gari, ikahesabu kwa uwiano huohuo, yaani milioni 2.5, kisha ikatoa na mchango wako. Usiipandishe pia kwa kudhani utalipwa zaidi. Likipotea lote hulipwa thamani yake ya sokoni wakati huo, na IST ya mwaka huu haitakuwa na bei ya mwaka jana. Ukishalipa, chukua namba ya gari uihakiki kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uone kama bima yako imesajiliwa kweli. Na ikitokea umedai ukakataliwa, tofauti na enzi ambazo baba yako alirudi nyumbani akanyamaza, leo ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima inayosikiliza malalamiko ya wateja. Nusu ya uchungu wa baba, naona, ni kwamba hakuwa na pa kwenda kusema.

Jambo jingine dogo. Yule kijana wa bodaboda alikimbia, lakini siku nyingine aliyekugonga anaweza kusimama. Usimwachie kwa elfu ishirini za haraka kwa sababu ya mvua. Piga picha namba yake, mwite trafiki, hakiki bima yake. Kama ni hai na kosa ni lake, unaweza kudai kwa kampuni yake hata ukiwa na bima ndogo tu. Ni safari ndefu, utaombwa ripoti ya polisi na huenda hata hukumu ya mahakama, lakini ni haki yako.

Nikirudi kwako mwenyewe: umesema ukisikia breki nyuma moyo unaruka. Aliyeporwa akaangushwa, kisha akagongwa, mwili wake unakumbuka. Inawezekana sehemu ya usingizi unaoutafuta kwenye bima haimo humo, kwa bei yoyote. Wewe ni nesi, unajua wa kuongea naye hapo kazini. Usimwache huyo mgonjwa mmoja asitibiwe kwa sababu ni wewe.

Kaa kitako na mume wako siku ambayo hakuna aliyetoka zamu. Mkute na karatasi mbili mezani, ile ya SACCOS na ile ya wakala ikiwa na bei zote nne: ndogo na kubwa, ya binafsi na ya biashara. Usianze kwa kumwambia amekosea, kwa sababu kwenye taa ya nyuma hakukosea. Anza kwa kumuuliza hilo la deni: likipotea lote kesho, tunasimamaje? Msikilize mpaka amalize. Nadhani atakuwa na jibu la maana kuliko unavyotarajia, na huenda naye huwa anaamka usiku, ila hasemi.

Shemeji naye aitwe kabla ya Jumamosi, hajachukua ufunguo. Na leseni yake aje nayo, muangalie wote tarehe ya mwisho.

Niandikie mkishakaa. Nakuombea zamu njema, na binti afike shule salama.